Kabla ya kufyatua risasi, ziba masikio

Kuna mzee mmoja jirani yangu mtaani ambaye kwa muda mrefu wengi wetu tulimdhania kuwa na majivuno. Ukimwamkua kutoka nyuma haitikii. Ukimwuliza jambo dukani, anakujibu jingine kabisa. Siku moja mama mboga alimwambia kuwa nyanya zake ni shilingi sitini, naye mzee akahesabu tisini akamkabidhi, kisha akaondoka zake. Mama huyo alipomkimbilia kumrudishia pesa, mzee alidhani anadaiwa zaidi, na maneno yakawa makali. Ni mkewe aliyefika na kuyamaliza. "Msimlaumu," alisema. "Masikio yake aliyaacha kwenye bunduki."

Mzee huyo alikuwa polisi kwa zaidi ya miaka 25. Hakuwahi kupigwa risasi hata siku moja. Kilichomwumiza ni mazoezi ya kulenga shabaha, ambako yeye na wenzake walikuwa wakifyatua risasi kwa mamia masikio yakiwa wazi. Aliyethubutu kuziba masikio alichekwa na kuitwa mwoga. Leo anaishi na uziwi pamoja na mlio kama wa nyenze ambao haumwachi usiku wala mchana. Anasema heri uziwi, kwani huo mlio ndio unaomnyima usingizi: nyumba inapotulia, wenyewe ndipo unapozidi. Mikutano ya chama na harambee aliacha kuhudhuria zamani. Watu wengi wakizungumza kwa pamoja, yeye husikia kelele tu.

Huenda, msomaji, ukasema kuwa haya hayakuhusu kwa sababu wewe huna bunduki. Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini Kenya mwaka 1977, raia wa kawaida haendi porini na bunduki begani. Hata hivyo, hesabu vizuri. Kuna polisi na wanajeshi, askari magereza, askari wa wanyamapori na polisi wa akiba kule kaskazini mwa nchi. Kuna raia wenye leseni ya kumiliki bastola, ambao hutakiwa kuonyesha kuwa wanajua kuitumia. Kuna wale ambao wameufanya ulengaji shabaha kuwa mchezo wao wa Jumamosi. Kila mmoja wa hawa ana mke au mume, watoto na jamaa, na yamkini mmoja wao ni wa nyumba yako.

Usimsahau pia mwalimu wa michezo. Kile kibastola kinachotumiwa kuanzishia mbio shuleni hakina risasi ya kuua, lakini kina baruti, na vipimo vilivyofanywa ng'ambo vimeonyesha kuwa mlio wake hupita desibeli 140 karibu na sikio la anayekifyatua. Mwalimu hukiinua juu ya kichwa, akaziba sikio moja kwa kidole cha mkono wa pili, nalo sikio la upande wa bastola likabaki wazi. Hufanya hivyo mbio baada ya mbio, tangu asubuhi hadi jioni.

KISHINDO KISICHOHESABIWA KWA SAA

Sauti hupimwa kwa kipimo kiitwacho desibeli. Mazungumzo ya watu wawili wasiogombana ni desibeli 60 hivi. Wataalamu wa afya kazini huchukulia desibeli 85 kwa muda wa saa nane kwa siku kuwa mpaka ambao mtu asiuvuke. Kipimo hiki kina ujanja wake, kwani kila zinapoongezeka desibeli tatu tu, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa imezidi maradufu. Kwa hivyo desibeli 88 ni za kustahimiliwa kwa saa nne, na 91 kwa saa mbili. Kwenye desibeli 100, ambazo ni muziki wa disko au wa matatu iliyofunguliwa spika zote, muda wako ni dakika 15 kwa siku. Anayesafiri kwa matatu kama hiyo kila asubuhi na jioni aanze kujihesabia.

Bunduki haihesabiwi kwa saa wala kwa dakika. Bunduki ndogo ya .22, ambayo wengi huiona kama ya kuchezea, hufika karibu desibeli 140. Bastola ya milimita tisa hufika kama 160. Bunduki za marisau na zile kubwa za kijeshi huwa hapo au zaidi. Ukikumbuka kuwa kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, utaona kuwa mlio wa 160 una nguvu mara mia moja ya ule wa 140. Na ni hizo 140 ambazo wataalamu huzitaja kuwa kilele ambacho sikio tupu lisikipite hata mara moja.

Wale tunaopenda filamu tumedanganywa sana hapa. Jambazi hufyatua bastola ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kisha akamgeukia mwenzake wakaendelea kunong'onezana. Katika maisha ya kweli wote wawili wangeshika masikio, na yumkini mmoja wao asisikie vizuri tena hadi kaburini.

Ili ufahamu kwa nini, ingia nasi ndani ya sikio. Sauti hugonga kiwambo, kile kingozi chembamba kilichowambwa kama ngoma. Kiwambo hutikisa mifupa mitatu midogo, nayo mifupa hupeleka mtikisiko huo kwenye sehemu ya ndani kabisa iliyojikunja kama kombe la konokono. Humo mna majimaji na seli kama 15,000 zenye vinywele vidogo mno. Vinywele hivyo huinama na kuinuka kwa kila sauti, na kuinama huko ndiko kunakopelekwa kwenye ubongo ukajua kuwa huyu ni mtoto analia, au ile ni honi ya gari.

Upepo ukipita katika shamba la mpunga, mabua hulala kisha yakainuka. Mvua ya mawe ikipiga, yanavunjika. Tofauti ya kelele za kawaida na mlio wa bunduki ni kama hiyo. Kelele za mashine huvichosha vinywele kidogo kidogo kwa miaka. Bunduki inaweza kuvivunja kwa mpigo mmoja, na wakati mwingine huchana hata kiwambo chenyewe.

Sikio lina mlinzi wake, msuli mdogo ambao hujikaza sauti kubwa inapoingia ili kuizuia mifupa isitikisike kupita kiasi. Lakini mlinzi huyu huchelewa. Kujikaza kikamilifu humchukua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, ilhali kishindo cha risasi huwa kimekwisha kupita katika muda mfupi kuliko huo kwa mbali. Hufika kama polisi wa filamu za Kihindi, wakati mambo yote yamekwisha.

Hapa kuna jambo la kutia wivu. Katika miaka ya 1980 watafiti waligundua kuwa seli hizi zikiharibika katika sikio la kuku, humea upya na kuku akasikia tena. Binadamu hana bahati hiyo. Zile alizozaliwa nazo ndizo atakazozikwa nazo, na iliyokufa haina badala. Mpaka leo hakuna tembe, sindano, wala dawa ya mitishamba inayoweza kuiotesha.

SITINI AU TISINI?

Seli zinazotangulia kufa kwa sababu ya mlio wa bunduki ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Ndizo zinazotuwezesha kutofautisha herufi kama s, sh, f, t na k. Irabu, ambazo ni nzito, hubaki. Mtu wa namna hii husikia kuwa unazungumza lakini hajui unasema nini. Kwake "fika" na "shika" ni neno moja, na ndivyo shilingi sitini zilivyogeuka tisini kwenye kibanda cha mama mboga. Sauti za wanaume wazee humfikia vizuri zaidi kuliko za wanawake na watoto. Ndiyo sababu nyumba nyingi hugombana bure: mke anadai kuwa mumewe humsikia anayetaka kumsikia, naye mume anadai kuwa siku hizi watu wote wanaongea ndani ya midomo.

Kuna alama nyingine ambayo daktari hodari huitambua upesi. Kwa anayefyatua bunduki ndefu akiwa ametegemeza kitako kwenye bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa mtutu, na la kulia hufichwa na kichwa na bega. Kwa hivyo la kushoto huharibika zaidi. Kwa anayetumia mkono wa kushoto huwa kinyume.

Haya hayachagui cheo. Rais wa zamani wa Marekani, Ronald Reagan, aliwahi kuwa mwigizaji wa filamu. Katika miaka ya 1930, bastola ilifyatuliwa karibu na sikio lake la kulia walipokuwa wakipiga picha, na kusikia kwake hakukurudi kama zamani. Mwaka 1983, akiwa rais, alianza kuvaa kisaidizi cha kusikia mbele ya watu wote. Kishindo cha muda mfupi kilimfuata zaidi ya miaka 40 hadi Ikulu. Nchini humo humo, mlio wa masikioni ndilo tatizo linaloongoza miongoni mwa yale ambayo wanajeshi wastaafu hulipwa fidia kwa ajili yake.

Labda umewahi kufyatua ukasikia masikio yamejaa kama uliyetoka kuogelea, na baada ya siku mbili yakafunguka. Ukajisemea, "Nimepona." Zamani hata madaktari walisema hivyo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2009 huko Marekani ulionyesha kuwa panya waliorudi kusikia vizuri baada ya kelele kubwa walikuwa wamepoteza daima sehemu ya viungo vinavyoziunganisha seli za sikio na neva. Kipimo kilisema wazima, ilhali nyuzi zilikuwa zimekatika. Mvumo unapokoma haina maana kwamba hakuna kilichopotea.

JINSI YA KUZIBA

Sasa tuje kwenye kinga, ambayo nashukuru kusema kuwa si ghali. Ya kwanza ni vizibo vya sponji vinavyoingizwa ndani ya tundu la sikio. Hupatikana katika maduka yanayouza vifaa vya usalama kazini, yale yenye helmeti na glavu. Wengi huvitumia vibaya. Huvisukuma tu kwa kidole, vikaning'inia nje kama hereni, kisha wakalalamika kuwa havifanyi kazi.

Fanya hivi. Nawa mikono. Chukua kizibo kimoja ukisokote kwa vidole polepole mpaka kiwe chembamba kama kijiti, bila kukikunja. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, ushike ncha ya juu ya sikio na uivute juu na nyuma kidogo, maana tundu la sikio limepinda na kulivuta hivyo hulinyosha. Ingiza kizibo upesi kabla hakijafura, kisha kizuie kwa ncha ya kidole kwa nusu dakika hivi huku kikitanuka. Ukimaliza, hesabu moja hadi tano kwa sauti. Ukijisikia kama uliyetia kichwa ndani ya mtungi, umefaulu. Mwenzako akikutazama usoni na kukiona kizibo chote kimetokeza, kitoe uanze upya. Kikichafuka, kitupe. Wala usiazime cha mtu.

Kinga ya pili ni vifuniko vinavyolifunika sikio lote, kama vile wanavyovaa wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Hivi havihitaji ufundi mwingi, ila vina adui mmoja, nao ni upenyo. Miguu ya miwani, misuko ya nywele, ukingo wa kofia au kitambaa cha hijabu kikipita chini ya mto wa kifuniko, sauti hupata njia. Chagua miwani yenye miguu myembamba, kwani miwani yenyewe usiivue. Macho pia yana haki yake uwanjani. Rudisha nywele nyuma na uvae kitambaa juu ya kifuniko badala ya chini yake. Mito ikigeuka migumu na kupasuka, ibadilishe.

Kwa bunduki, valia vyote viwili kwa pamoja, kizibo ndani na kifuniko juu. Tarakimu ya desibeli unayoiona kwenye pakiti ilipatikana maabara, ambako kila kitu huvaliwa sawasawa; mtaani hupata pungufu ya hiyo. Hata ukijaliwa kupunguziwa desibeli 30 kamili, bastola ya 160 bado imekuachia 130. Kuongeza kinga ya pili hakuzidishi maradufu, bali huongeza kama desibeli tano juu ya ile iliyo bora. Zinaonekana chache, lakini nimekwisha kueleza thamani ya kila tatu.

Vipo pia vifuniko vya umeme vyenye maikrofoni ndogo, ambavyo hupitisha maneno ya mwalimu na kuufungia nje mlio. Bei yake ni kubwa. Hata hivyo, kwa anayefundisha au anayefyatua kila wiki, naona zina faida, kwa kuwa ajali nyingi za masikio uwanjani hutokea mtu anapofunua sikio moja aulize, "Umesemaje?" na hapo hapo jirani akafyatua. Asiye na uwezo wa kuvinunua akubaliane na wenzake ishara za mikono kabla ya kuanza. Vaa kinga kabla ya kuingia uwanjani, na usiivue mpaka utoke.

Pamba haifai. Hupunguza desibeli chache tu, na humpa mtu ujasiri asiostahili. Vivyo hivyo karatasi ya chooni, vichungi vya sigara, na vile visikizio vya simu ambavyo vijana huvaa kutwa. Hivyo vilitengenezwa kuingizia sauti sikioni.

Mahali nako kuna maana. Ndani ya chumba au chini ya paa la mabati, mlio hugonga kuta na kukurudia. Aliyesimama kando ya mfyatuaji wakati mwingine huumia kuliko mfyatuaji mwenyewe, hasa kama bunduki ina kile kifaa cha kwenye mdomo wa mtutu kinachotupa moshi na kishindo pembeni ili kupunguza teke. Usimpeleke mtoto kutazama bila kifuniko kinachomtosha. Mama mjamzito naye ni afadhali akae mbali kabisa, kwani atakavyovaa yeye havimfikii aliye tumboni.

Sheria inasemaje? Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye desibeli zaidi ya 90 kwa zaidi ya saa nane kwa siku, na zinakataza kabisa kilele cha zaidi ya desibeli 140 wakati wowote. Penye zaidi ya desibeli 85, mwajiri anatakiwa awe na mpango wa kuwakinga wafanyakazi wake na kuwapima masikio. Umeona kwamba karibu kila bunduki hupita kilele hicho. Kwa maoni yangu, wapo wakubwa wanaohesabu risasi zao moja moja kila jioni na hawajawahi kuuliza kama waliozifyatua bado wanasikia. Ikiwa kazi yako inakupeleka kwenye shabaha, una haki ya kuomba kinga, na ya kuomba upimwe kabla ya kuanza na kila mwaka baadaye, ili badiliko lionekane mapema.

IKIWA LIMEKWISHA KUTOKEA

Masikio yakivuma, yakiziba, au kusikia kukipungua ghafla baada ya mlio, acha kufyatua siku hiyo. Kaa mahali pa kimya, wala usiingie kwenye disko jioni ukidai kujiliwaza. Usitie mafuta ya moto, kitunguu saumu wala kijiti chenye pamba. Ukiona damu au majimaji, yamkini kiwambo kimechanika; mara nyingi hujifunga chenyewe baada ya wiki kadhaa, mradi maji yasiingie.

Iwapo asubuhi hali haijabadilika, nenda hospitali ukamwone daktari wa masikio, pua na koo. Wapo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na katika hospitali nyingi kubwa za kaunti. Kuna dawa ambazo daktari anaweza kukupa kupunguza madhara, lakini huwa na maana zikianzwa katika siku za mwanzo. Anayengoja mwezi mmoja "aone kama itapona" huwa amekwisha kuupoteza wakati wake. Mweleze daktari ilikuwa bunduki ya aina gani, ulifyatua mara ngapi, ndani au nje, na kama ulikuwa umevaa chochote.

Jirani yangu alipimwa akiwa amekwisha kustaafu. Sasa ana kisaidizi cha kusikia, ambacho watoto wake walichangiana kukinunua. Humsogezea sauti, ila hakimrudishii zile herufi zilizokufa, na penye watu wengi hukivua. Sisi tumejifunza kusimama mbele yake ili atuone midomo, na kusema polepole badala ya kupiga kelele. Mama mboga naye siku hizi humwonyesha bei kwa vidole.